Aliyeengua Mafuta

Jumatatu hakuna aliyekuja mapema tena. Wiki mbili baada ya Okello kuondoka, karakana ya Gichuru pale Kawangware ilinuka mayai viza, na mafundi walikereza vyuma wakiwa wamefunga vitambaa puani. Jina la Okello hakuna aliyelitaja.

Miaka tisa kazi ya kuengua mafuta ilikuwa yake. Mafuta ya kukatia chuma yakichanganywa na maji huwa meupe, na mafundi waliyaita maziwa. Lakini mashine zilikuwa kuukuu. Mafuta ya haidroliki yalivujia ndani ya maziwa, yakaelea juu kama utando mweusi. Mashine zikisimama wikendi na utando ukiachwa, maziwa yanaoza, na ngozi ya anayeyagusa inachubuka. Kwa hiyo kila Jumatatu Okello alitoka Sarang'ombe, Kibera, akafika kabla ya wenzake, akaengua matangi yote sita ya mashine kwa kipande cha bati na viganja vitupu. Hakuna aliyemtuma.

"Umeshakamua?" Mulei wa mashine ya pili alimtania. "Bakisha ya chai!"

"Ng'ombe wako anaharisha, Mulei. Mwambie mdosi anunue mipira mipya ya kuzuia mafuta."

Gichuru, mdosi wao, hakununua. Mwaka wa 1974 viganja vya Okello vilipasuka, kisha vidonda vikapanda hadi viwikoni. Risper, mkewe, akaanza kumtengea sahani yake peke yake. Siku Okello alipomnyooshea mikono Amolo, binti yao wa miaka miwili, Risper alimwahi mtoto, akambeba.

"Baba Amolo, hii ni chira. Umevunja mwiko nyumbani na unanificha. Laana hiyo itammaliza mtoto; narudi naye kwetu."

"Ni mafuta ya kazi, Risper. Njoo uone mwenyewe. Ukishaona, utabaki?"

"Nikiona, nitabaki."

Akaja, Amolo mgongoni. Okello alimwonyesha utando juu ya tangi. Risper aliutazama kidogo tu, kisha akapita mashine hadi mashine akiomba kuona mikono ya mafundi. Mulei aligeuza viganja vyake, akicheka.

"Angalia, mama. Kama vya karani!"

"Na wewe unashika mafuta haya haya?"

"Kila siku."

"Wao wako salama kwa sababu mimi ndiye ninayeengua," Okello alisema. "Mulei, mwambie."

Mulei aliacha kucheka. Akikubali, zamu ya kuengua ingemfikia. Aliinamia mashine yake, akaiwasha.

Jumamosi Risper alipanda basi la kwenda kwao, ziwani, na mtoto. Jumatatu Okello hakwenda kazini, wala hakurudi huko kamwe. Baada ya miezi mitatu ngozi yake ilipona kabisa. Alimwandikia Risper kumweleza. Barua haikujibiwa.

Ni miaka kumi na mmoja sasa. Okello anaishi Kawangware 46, chumba cha nyuma kwenye ploti ya mwenye nyumba aitwaye Wangoi, na anauza mbao.