Kobe Wetu na Jua la Burungu

Wiki iliyopita nilimsimamisha motari, dereva wa pikipiki niliyopanda, katikati ya barabara ya Burungu kwa sababu ya lundo la magugu. Mwenye shamba alikuwa ameinama na kiberiti mkononi. Nilishuka, nikaokota fimbo, nikaanza kulichokora lundo lake kabla hata sijamsalimu. "Mama, umepoteza nini mule?" motari aliniuliza. Niliona aibu. Ningemwambiaje kijana wa watu kwamba natafuta kobe? Wewe nitakueleza, maana umeshazoea upuuzi wangu.

Utotoni tuliishi hapo hapo, mimi na mdogo wangu, kwa nyanya mzaa baba, ambaye sote tulimwita Koko. Mwaka mmoja babu mzaa mama alipanda kutoka Buleusa na kobe wa msituni, amemfunga kwa kamba ya mti. Kwao kobe ni nyama, tena nyama ya kumpelekea mkwe. Lakini tulipomwona akitoa kichwa polepole na kuuma ndizi, tulilia mpaka watu wazima wakachoka. Koko akakubali aishi, kwa sharti lake. "Siku atakataa kula, anaingia mu nyungu. Miye sitazika nyama." Babu alipoondoka alitusogeza pembeni. "Mumuchunge, batoto. Uyu iko wa kivuli. Jua ya huku itamuua."

Na kiangazi cha milima yetu unakijua. Asubuhi meno yanagongana kwa baridi, adhuhuri jua linachoma utosi, na malisho hayana hata kichaka. Tulimjengea kobe boma la mawe chini ya migomba, tukaliezeka majani mapana ya mateke, yaani magimbi, ambayo yalinyauka upesi tukakimbilia mengine. Tulifukia kifuniko cha sufuria kuukuu ardhini, tukakijaza maji ili alale humo. Kijito kilikuwa kimebaki uzi tu. Tulipanga foleni na bidoni, dumu letu la maji, tukapanda nayo mlima mzima, kisha Koko akituona tunalowesha udongo wa boma alifoka, "Maji iko ya kupikia! Haiko ya kuogesha nyama!" Tukajifunza kungoja aende soko la Kitshanga.

Jua lilivyozidi, kobe akaanza kukataa ndizi. Tulizila sisi wenyewe, tukamwonyesha Koko maganda. Nilikuwa naogopa, ndugu yangu. Nililala nikiogopa na kuamka nikiogopa, na kila sufuria iliyobandikwa niliikodolea macho.

Siku moja nilirudi kutoka kijitoni, nikakuta ng'ombe wa jirani wamepita uani na kubomoa boma. Kobe hayupo. Nilitua bidoni, nikakimbilia jikoni, nikafunua sufuria kwa mkono mtupu. Maharagwe matupu. Nilishusha pumzi, na pumzi iliyofuata ilikuwa na moshi.

Nyuma ya jiko kulikuwa na lundo la maganda ya maharagwe na magugu. Kila mwaka baada ya mavuno Koko alilichoma, apate majivu ya kuchanganya na mbegu zisitobolewe na wadudu. Lakini hapo hapo ndipo alipomwaga maji ya vyombo kila jioni. Juu palikauka kama karatasi, chini palikuwa na unyevu. Katika ua mzima hapakuwa na mahali pengine penye ubaridi, na kobe hakuhitaji kuambiwa.

Koko alikuwa tayari amewasha upande wa upepo. Nilijitupa upande wa pili, nikachimba kwa mikono, maganda yakilia kwa moto mbele ya uso wangu. "Toka mule, weye mutoto! Unataka kuungua?"

"Kobe iko ndani, Koko!"

Alinitazama. Kisha akageuka, akaibeba ile bidoni niliyoitua, maji pekee tuliyokuwa nayo siku ile, akaimimina yote juu ya moto. Hakubakiza hata ya kunywa. Akapiga magoti kwenye tope la majivu, akachimba pamoja nami, na mikono yake ndiyo iliyomfikia kwanza. Alimpakata kwenye kitenge, akampulizia kwenye gamba mpaka kichwa kikatoka.

"Iko anapumua," alisema. "Haya, enda kuchota ingine."

Tangu hapo habari ya nyungu haikusikika tena. Alfajiri moja nilimfuma akimwaga maji bomani. Aliponiona akaniambia ananawa mikono.

Kisha vita vikatufikia, tukakimbia kuelekea Kitshanga. Koko alibeba beseni lililofunikwa majani ya mateke, tukadhani ni mbegu. Bondeni, penye matete na tope, alilitua, akamtoa kobe na kumweka kwenye majimaji. "Enda," alimwambia. "Kule mu kambi iko njaa, batakukula." Mbegu alikuwa ameziacha nyumbani.

Koko alizikwa Kitshanga, mbali na migomba yake. Nyumba haipo, boma halipo, hata jiko sikuona lilipokuwa. Ninamkumbuka sana.

Lile lundo nililichokora mpaka chini. Hamkuwa na kitu. Nikamwomba mwenye shamba radhi, nikamwambia awashe tu. Motari alipiga honi kuniita, lakini sikwenda. Niliazima bidoni ya maji ya yule bwana, nikasimama nayo kando ya moto mpaka ulipozimika.