Kaskazi Niliyoamua Kukaa Chini

Mimi ni mpishi wa arusi. Sisemi kwamba huwa napika arusini. Hilo kila mwenye sufuria na jirani anaweza kulisema. Nasema ni mpishi wa arusi, kuanzia kwetu Gazi hadi Msambweni, na ukiendelea mpaka Ramisi ukauliza pilau ya nani hailowi wala haigandi, watakutajia mimi kabla hujamaliza swali. Najisifu, ndiyo. Nani atanisifu vizuri kunishinda mwenyewe?

Basi kaskazi iliyopita, joto lilipokuwa lile la kumfanya mtu alaze mgongo sakafuni, daktari wa Msambweni alinifunga kile kitambaa cha kupimia presha, akatazama, akakifungua, akakifunga tena. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akaniuliza nasimama mbele ya moto kwa muda gani. Nikamwambia tangu alfajiri hadi wageni waondoke, na miezi ya arusi hata kupumzika hakuna. Akavua miwani yake akasema, "Mama, ukiendelea hivi na joto hili, watu watakuja kwako, lakini si kwa pilau. Watakuja kwa matanga." Kijana yule adabu hana, lakini nilimwelewa.

Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nimeweka nia ya mambo matatu, mpaka mvua za masika zianze. Nitatembea asubuhi kabla jua halijawa kali. Nitalala kidogo baada ya swala ya adhuhuri, kama watu wanaojipenda. Na sitasimama mbele ya moto wa arusi ya mtu yeyote, awe nani. Mume wangu alikuwa anakunywa chai. Alikiweka kikombe chini akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe?" akasema. "Wewe ulale mchana?"

Hapo ndipo nia yangu ilipokuwa chuma. Mimi ukitaka nifanye jambo, nicheke.

Kutembea hakukunipa shida. Nilifuata njia ya kwenda kwenye mikoko, kule akina mama wenzangu wanakootesha miche, nikawasalimu, nikarudi. Siku za mwanzo kila mmoja alinisimamisha: "Kuna nini? Kuna msiba?" Maana mtu mzima kwetu hatembei bure. Ukionekana njiani asubuhi huna kapu wala jembe, basi umebeba habari. Nikawa najibu, "Natembea tu." "Unatembea tu kwenda wapi?" "Kurudi nyumbani." Wakanizoea, na baada ya muda wawili wao wakaanza kunisindikiza.

Kulala mchana ndiko kulikonitoa jasho. Nalala, macho yako darini, namsikia jirani anatwanga, najiambia yule anatwanga vibaya, naamka nikamwonyeshe. Mume wangu ananirudisha kutoka mlangoni. "Nia," ananiambia, huku anacheka chini chini. Nikajikaza, nikawa nalala kwa hasira tu. Kisha siku moja nikasikia alasiri inaadhiniwa, nikagundua nimekoroma na mto umelowa mate. Nilipoamka kichwa hakigongi, miguu haijavimba. Lo! Kumbe watu walikuwa wanaupata utamu huu kila siku na hawasemi!

Lile la tatu ndilo lililokuwa mtihani. Mwezi wa Shaaban ulipoingia, kila mwenye binti wa kuoza alikuwa anaharakisha kabla ya Ramadhani, na simu yangu haikunyamaza. Sisi watu wa pwani kumwambia mtu "siwezi" usoni ni kazi nzito. Tumezoea kusema tutaona, Mungu akipenda, hata pale tunapojua hatutaona kitu. Mimi niliamua kusema siwezi. Mara ya kwanza neno lilinikwaruza koo. Mara ya pili likapita. Baadaye nikaanza kuona raha, mpaka mume wangu akaniambia nipunguze sauti, nisiwakatae watu kama ninayewafukuza kuku.

Kisha wakaja kaka yangu na mkewe.

Hawakupiga simu. Walikuja wamevaa, wifi yangu amebeba doti ya leso mpya, kama tunavyofanya kwetu tukimwendea mtu kwa jambo kubwa. Nikajua hata kabla hawajaketi. Binti yao anaolewa, bwana arusi ni wa Ramisi, na mimi ndiye shangazi mtu. Nikaipokea leso, kwani nani anakataa leso? Nikaifungua, nikaisifu, kisha nikasema:

"Nitakuja. Nitavaa leso hii, nitakaa mkekani na mashangazi wenzangu, nitakula. Kupika sipiki."

Wifi yangu akaniangalia kama nimemtukana mamake. "Mtoto wa kakako, wifi!"

"Ndiyo maana nataka kumwona. Arusi zote nilizopika, bibi arusi nimemwona mgongo tu, tena kwa dirisha la jikoni."

"Basi atapika nani?" akauliza kaka yangu, sauti imeshuka.

Nikasema, "Mwanangu."

Wallahi sijui lilinitoka vipi. Mwanangu huyu wa kike yuko Galu, upande wa Ukunda, jikoni mwa hoteli, na kazi yake ni matunda ya asubuhi. Analikata tikiti maji mpaka linakuwa ua, nami humwambia kila siku kwamba ua haliliwi. Nyumbani amenisaidia tangu hajui kufunga leso vizuri: amechagua mchele, amemenya vitunguu, amekatakata nyama. Lakini mwiko wa pilau ya arusi hajawahi kuushika, kwa sababu mwiko ule ni wangu. Nikampigia simu nikamwambia.

"Mama, uko siriasi?" akauliza, kwa lugha yao ya Ukunda.

"Niko siriasi," nikamjibu, na nikakata simu kabla sijabadilisha mawazo.

Siku ya arusi alikuja nyumbani alfajiri kuchukua vyombo. Akasimama mlangoni na mwiko wangu begani, mrefu kumshinda, akaanza kuniuliza jambo la chumvi. Nikamwambia, "Usiniulize. Mimi leo mgeni." Akanitazama, akaona sitanii, akaondoka zake. Nilifunga mlango nikaketi kitandani, nisije nikamfuata.

Mchana nikaingia kwa kaka yangu kwa mlango wa mbele. Hilo peke yake lilikuwa ajabu. Wasichana walinisalimia shikamoo na kunionyesha njia ya jikoni kwa mazoea. "Siendi huko," nikawaambia, nikapita mpaka mkekani. Nimevaa leso mpya, nimejifukiza, wanja upo, hina ipo. Mashangazi wakanisogezea nafasi huku wakinichokoza: huyu nani leo, mbona mpishi ananukia udi badala ya vitunguu? Nikawaambia wazoee. Nilimwona bibi arusi uso kwa uso, akanibusu mkono, nikamwombea dua nikiwa nimekaa, sina haraka. Nilifurahi, siwezi kusema uongo.

Mpango ulikuwa hivi: nikaha msikitini baada ya adhuhuri, kisha wanaume wanakuja moja kwa moja kwenye chakula. Na pilau ya sufuria kubwa huenda na saa hiyo. Maji yakishakauka, mpishi anapunguza moto wa chini na kutandaza makaa juu ya kifuniko, ndiko kupalia, ili wali uive kwa mvuke wake wenyewe. Makaa yakikaa kidogo mno, wali wa juu mbichi. Yakizidi, wa chini unaungua, na moshi unapanda mpaka punje ya juu kabisa. Hapo hakuna mganga. Utamwaga sufuria nzima, au utawapa watu wale moshi.

Simu ya wifi yangu ikalia. Watu wa bwana arusi wamekwama njiani, lori la miwa limepinduka, barabara imefungwa. Hawajui watafika saa ngapi. Na sufuria zilikuwa zimeshapaliwa, nilijua, kwa sababu nilikuwa nimesikia koleo likigonga kifuniko.

Wifi yangu akanisogelea. Nikajifanya naangalia hina ya mtu.

Tukangoja. Joto lile, mapazia yamefungwa, udi unafuka kila pembe. Kisha nikaipata, nyuma ya udi na marashi: harufu ya kitu kinachoungua. Nikavuta pumzi tena. Pua yangu hii ambayo huniambia chumvi imepungua kabla sijaonja, siku hiyo udi ulikuwa umeiziba, sikuweza kujua ni wali au ni nini. Lakini kitu kilikuwa kinaungua, na si mimi peke yangu niliyekisikia. Mashangazi wakaanza kunusa mmoja mmoja. Wote wakanigeukia.

"Wifi, unasikia?" akaniuliza mke wa kaka yangu.

"Nasikia."

"Inuka basi! Inuka ukaangalie, nakuomba!" Macho yake yamejaa machozi. "Watu wanakuja kuoa hapa, waje wale mkaa?"

Miguu yangu ilikuwa imeshajikunja kuinuka, nakwambia kweli. Nikaikunjua kwa nguvu. Niliichukua mikono yangu miwili nikaikalia, naam, niliiweka chini ya mapaja nikaikalia, kwa sababu nilijua ikibaki huru itanibeba. Nikafikiri: pilau ikiungua, aibu ni ya nyumba ya kaka yangu, nami ndiye niliyewaletea. Lakini nikiinuka sasa, nikaingia jikoni na leso yangu mpya, basi hata sufuria zikiwa salama mwanangu ndiyo basi. Atabaki yule aliyeokolewa na mamake, na hakuna mtu wa Gazi wala Msambweni atakayemkabidhi sufuria tena. Na mimi kesho yake nitakuwa kwenye moto, na daktari wangu asiye na adabu atakuwa amesema kweli. Niliogopa kama sijawahi kuogopa.

"Mpishi yuko jikoni," nikamwambia wifi yangu. "Kamwulize yeye."

Aliondoka akaubamiza mlango. Shangazi mmoja mzee aliyekuwa kando yangu akasema, "Mama we, una roho ngumu." Nikamwambia sina, ni presha tu. Akacheka, mimi sikucheka.

Wifi yangu alirudi uso umebadilika. Akaketi, akajipepea kwa upindo wa buibui, akasema neno moja: "Gunia."

"Gunia gani?"

Kumbe mwanangu alipopata habari za lori hakungoja kuambiwa. Aliondoa makaa yote juu ya vifuniko, akazima moto wa chini, akalowesha magunia, akafunika kila sufuria na kufungia joto lake ndani. Pindo moja la gunia likaangukia makaa yaliyokuwa pembeni, likafuka. Kilichoungua kilikuwa gunia. Mashangazi wakaangua kicheko kilichowafikia mpaka majirani. Mimi nilitoa mikono chini ya mapaja, imekufa ganzi, nikawa naisugua kimya kimya. Mimi ningeacha makaa madogo juu nikasimama hapo kuyachunga mpaka wageni wafike, na nafikiri ndivyo nilivyoipata hiyo presha.

Wanaume walifika alasiri imekaribia, nikaha imeshafungwa msikitini, dua ikasomwa, vigelegele vikapigwa, sinia zikatoka. Kwetu tulizungukia moja mashangazi watano. Nikanawa. Nikasema bismillahi. Nikajua wanalingoja tonge langu, hakuna aliyekuwa amepeleka mkono.

Wali ulikuwa punje kwa punje. Nyama ilikatika kwa kidole. Rangi ilikuwa ya vitunguu vilivyosubiriwa, si vya kuharakishwa. Lakini haikuwa pilau yangu, hilo nililijua mara tu ulimi ulipogusa. Ilikuwa nyepesi zaidi, na ladha ya nyama ilikuja mbele, kitu ambacho kwangu hukaa nyuma. Nikachukua tonge la pili ili nihakikishe. Nikachukua la tatu kwa sababu nilitaka.

Ndipo ujumbe ukaja kutoka upande wa wanaume: wazee wa Ramisi wanasema mpishi apigiwe vigelegele. Ukumbi wote ukanigeukia mimi, wakaanza kunipigia. Nikainua mkono.

"Si mimi," nikasema. "Leo sijagusa hata chumvi. Aliyepika ni mwanangu."

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, leso kifuani, macho mekundu kwa moshi. Hakuwatazama waliokuwa wakimshangilia. Alikuwa anautazama mkono wangu juu ya sinia. Wote wanajua kwamba pilau ya mtu mwingine sijawahi kuisifu tangu nizaliwe.

"Umepunguza karafuu," nikamwambia.

"Ndiyo, mama. Nimepunguza."

"Usizirudishe."

Alijifunika uso kwa leso yake yenye masizi akalia mbele ya watu wote, na mimi nilibaki pale pale mkekani, nimejaa fahari, nikafinyanga tonge la nne.