Mita Mia Tano Zisizo na Kikomo

Alhamisi ya mwisho ya Oktoba, alasiri, nilikuwa nikisahihisha mitihani katika kambi ya watalii ya kaka yangu, Al Mintirib, ukingoni mwa jangwa la Omani, huku nikinywa kahawa yake na kumdharau mwanafunzi wangu mmoja. Swali lilitaka programu ya kupata umbali baina ya nukta mbili. Wenziwe waliandika kanuni kama nilivyowafundisha chuoni Ibra: zidisha kila upande kwa nafsi yake, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Yeye aliita hypot, amri iliyomo tayari ndani ya lugha ya kompyuta, akaishia hapo. Nilimkata alama sita. Kwa sita hizo alianguka, na itambidi arudie somo zima.

Kaka akanijia na kidude cha kufuatilia magari yake. Hesabu za ndani niliziandika mimi.

"Bibi mwalimu, gari la wageni limepotea."

"Kinasemaje?"

"Umbali hauna kikomo." Akanyoosha kidole. "Na mimi naliona lile pale, dereva anakula tende."

"Kidude kibovu hicho."

"Kidude nimenunua mimi. Hesabu umeleta wewe."

Gari lilikuwa mita mia tatu kaskazini na mia nne mashariki. Yaani mita mia tano, mtoto wa skuli anajua. Lakini kidude kile hakibebi namba inayozidi elfu sitini na tano na ushei; ikizidi, huandika kwamba haina kikomo. Na mia nne mara mia nne ni laki moja na elfu sitini. Jawabu lilikuwa dogo. Njia yangu ya kulifikia ndiyo iliyofurika. Hypot hugawa kwanza pande zote kwa ule mkubwa, ndipo ikazidisha, na mwisho ikarudisha ukubwa wake. Nikaiweka. Gari likawa mita mia tano bila ya kusogea.

"Nani kakufundisha?"

"Mwanafunzi wangu."

"Bila shaka umempasisha."

Nilijimiminia kahawa. Nilijiambia kwamba swali lilitaka kanuni, nikajiambia hivyo kwa wiki tatu, hata matokeo yakabandikwa. Kisha nikaiandikia kamati ya mitihani:

"Naomba mwanafunzi huyu arejeshewe alama sita na ahesabiwe amefaulu. Jawabu lake ni sahihi kuliko la msahihishaji, ambaye ni mimi. Nimemwomba awaeleze wenziwe sababu, naye amekubali kwa sharti kwamba nihudhurie na niandike kama wao."