Spana Ndani ya Gauni

Wakati wa korona nilikuwa nabeba mitungi ya oksijeni katika hospitali moja ya Thika. Nilijiambia nikizoea kukaa karibu na madaktari, ipo siku nitakuwa mmoja wao. Lakini asubuhi moja, kwa ajili ya spana, nilitaka kuacha kazi.

Spana ya kufungulia mitungi ilikuwa inapotea kila mara, wodi moja ikiibia nyingine. Sista wetu akaamua kukaa nayo kwenye mfuko wa suruali, na hapo haitoki.

Sasa kuna mama mmoja kutoka mtaa wa Kamenu, mfanyakazi wa kiwandani, alishindwa kupumua kabisa. Daktari akasema awekewe mpira wa kupumulia kooni. Kazi hiyo humwaga virusi hewani, kwa hivyo waliingia wawili tu, yeye na sista, wamejifunika kutoka kichwani hadi viatuni. Mimi nikabaki nje ya mlango wa kioo, na binti wa mgonjwa.

Mtungi wa kwanza ukaanza kuisha, na wa pili, ulio kando yake, ulikuwa bado haujafunguliwa. Nikaona sista anajipapasa paja juu ya gauni la kujikinga. Akaandika kwa karatasi, akaishika kiooni: SPANA IKO KWA SURUALI.

Jamani. Kutoka, kuvua, kuvaa upya, hizo ni dakika kumi, na mama hana hata tano.

Nikakimbia wodi ya kujifungulia kuomba spana yao. Sista wa huko akaniangalia kama mwizi.

"Ile ya mwisho mlirudisha?"

"Mathe, kuna mtu anakata pumzi."

"Kila siku kuna mtu anakata pumzi. Acha kitambulisho."

Kitambulisho kilikuwa kwa jaketi, ghorofa ya chini. Nikavua kiatu nikaweka mezani.

"Hiki ni cha nini?"

"Siwezi kufika nyumbani Ruiru na kimoja. Lazima nirudi."

Akacheka, akatoa spana kifuani. Hospitali nzima, na spana zote zinaishi kwa nguo za watu.

Nikaipitisha kwenye ufa wa mlango, sista wetu akaipokea na kuufunga haraka. Mtungi wa pili ukafunguka. Daktari akaingiza mpira mara moja tu, kifua cha mama kikapanda.

"Ndio anapumua?" binti akauliza.

"Mashine inampumulia kwanza."

"Basi wacha impumulie."

Akakaa sakafuni. Nikakaa kando yake, bado nimekasirikia mambo ya spana, tukaangalia kile kifua kikipanda na kushuka.