Mashahidi wa Atupele

Kule Tukuyu, enzi za utoto wa Atupele, mtoto aliyefiwa na wazazi alihamia nyumba ya pili akiwa na mkeka wake, na jioni ile ile akatumwa maji kama wenzake. Hapakuwa na fomu. Lakini Atupele sasa ni fundi cherehani wa Durban, Afrika Kusini, akiwa huko mwaka wa ishirini na mbili, na mtoto anayeomba mahakamani apewe amlee ni Thirosha, mwenye miaka saba, binti wa jirani yake Mhindi wa mtaa wa Umbilo aliyefariki bila ndugu wa kumchukua.

Ofisa wa ustawi wa jamii alikuwa amemwandikia waziwazi: alete watu wawili wanaomsaidia kulea, wenye vitambulisho. Wasipopatikana, mtoto angepelekwa kwa familia ya Kihindi iliyokuwa ikingoja katika mji mwingine.

Atupele aliwachagua watu kwa karatasi zao: Matilda, muuguzi, na mzee Japhet, mwalimu mstaafu, wote wenye ukaazi wa kudumu. Pierre-Claver, kinyozi Mrundi, aliomba kuwa shahidi, lakini Atupele alimkatalia.

"Kibali chako kimeisha, baba. Wakikukamata, nitamwambia nini mkeo?"

"Basi nitabaki chini na mtoto. Barabara haiombi kibali."

Siku ilipofika, ofisini ghorofani, ofisa, mwanamke mpole, alivitazama vitambulisho, akaridhika, kisha akauliza: "Mtoto huyu anaogopa nini?"

"Mbwa," alisema Matilda.

"Giza," alisema Japhet papo hapo.

Wakatazamana. Ofisa akaiweka kalamu mezani. "Nani hukaa naye mama huyu anapokuwa kazini?"

Matilda alimwinamia Atupele, akanong'ona kwa Kiswahili: "Dada, usimtaje kinyozi. Watamrudisha kwao."

Atupele akaitoa simu, akampigia Pierre-Claver.

"Baba, unaitwa juu. Ila ukiona huwezi, usipande."

"Mama Thirosha, nimeisha kuanza kupanda."

Alifika akihema, mtoto amemshika mkanda. Ofisa akalirudia swali lake la kwanza: mtoto anaogopa nini?

"Mlango ukifungwa kwa ufunguo, madame," alijibu taratibu. "Mama yake alifia ndani, na mlango ulikuwa umefungwa. Ndiyo maana akiwa kwangu mlango wa saluni uko wazi siku zote, hata mvua ipige. Wateja wananitukana: eish, Pierre, unatunyoa ao unatuogesha?"

Thirosha alicheka, matusi hayo aliyazoea.

"Kitambulisho chako?"

Aliikunjua karatasi yake. Ofisa aliisoma tarehe mara mbili.

"Muda wake umepita miezi minne."

"Ndiyo, madame. Kila nikienda, wananiambia nirudi."

Ofisa alilifuta jina la Japhet, akaandika la Pierre-Claver, na mahali pa namba ya kibali hakuandika chochote.

"Tarehe kumi na nne mtakuwa mbele ya hakimu. Nitamweleza mwenyewe kwa nini nafasi hii iko tupu."

"Atakubali?" aliuliza Atupele.

"Sijui, mama."

Pierre-Claver aliuliza kama siku hiyo avae suti. Atupele alikuwa amemkumbatia Thirosha, akihesabu siku zilizobaki. Zilikuwa kumi na moja.