Uso wa Uru

Asubuhi ile Kunegunda aliamka kabla ya mumewe, kama kawaida. Ilikuwa mwezi wa sita, na kwao Ruhuwiko mwezi huo baridi inauma mpaka kwenye meno. Akawasha jiko la mkaa, akabandika uji, kisha akaketi kwenye kigoda mlangoni, mahali penye mwanga, akaanza kutengeneza nywele zake. Mzee Polikarp alimshikia kioo. Kazi hiyo alikuwa nayo zaidi ya miaka thelathini, hakuwahi kuambiwa asante wala hakudai.

"Pandisha kidogo, Baba Leticia," Kunegunda alisema. "Unanionyesha shingo. Shingo inamhusu nani?"

Polikarp akapandisha.

Kunegunda akavuta visuko vitano vifupi vya mbele, akaviachia viangukie kwenye paji. Vya kushoto akavipitisha nyuma ya sikio. Vya kulia akaviacha vining'inie mpaka chini ya taya. Akajitazama.

"Haya, ondoa kioo. Uji unamwagika."

Wakanywa uji. Waliongea habari ya mahindi, kwamba gunia moja limeingia dumuzi na inabidi lianikwe. Halafu Kunegunda akavaa sweta, akachukua kapu lake la vitana na rasta, akaenda kibandani kwake kusuka watu. Kabla ya saa sita wakaja kumwita Polikarp, mkewe ameanguka. Presha. Siku ya tatu akafariki, bila kusema neno lingine.

Mzee hapendi kuyarefusha hayo.

Kunegunda alizaliwa kijiji cha jirani na Peramiho, akasoma mpaka darasa la saba. Polikarp hakuingia darasani hata siku moja. Walipooana walikwenda Tunduru, miaka ile watu walipokuwa wanakimbilia vito. Polikarp alichimba misimu minne, hakupata kitu cha kusimulia. Aliyepata ni mkewe. Pale machimboni kulikuwa na mama mmoja wa Kiyao, Halima, akamfundisha kusuka. Wachimbaji walipokaa kucheza karata, Kunegunda alikaa nyuma yao na mteja wake magotini, anatazama karata, anatazama nyuso.

Majina ya nyuso aliyatoa huko. Uso mpana juu na mwembamba chini aliuita kopa. Ule uliolainika pande zote, huo yai. Na uso wenye paji jembamba, mashavu yaliyotokeza na kidevu cha ncha, aliuita uru.

"Ichukue karata ya uru uisimamishe," alimwambia Polikarp. "Juu nyembamba, katikati pana, chini ncha. Ndiyo mimi huyo uliyemwoa."

Miaka hii wasichana walimjia na simu mkononi. "Bibi, mimi nina uso wa dayamondi." Yeye aliwajibu, "Dayamondi peleka Tunduru wakununulie. Hapa una uru. Kaa."

Lakini hakukisia. Alichukua uzi wa kusukia, akapima paji, akafunga fundo. Akapima shavu kwa shavu, akafunga fundo. Akapima taya kwa taya. Kipimo cha mashavu kikivipita vingine, na paji na taya vikikaribiana, basi hiyo ni uru, hakuna ubishi. Wasusi wengi, alisema, hapo ndipo wanapoharibu. Wanazivuta nywele zote juu, au wanamsuka mtu twende kilioni, mistari mitupu kutoka mbele hadi kisogoni, mashavu yanabaki peke yake kama yamefukuzwa nyumbani. Wengine wanajaza nywele pembeni, pale pale penye upana, uso unazidi kutanuka. Yeye alijaza palipopungua. Paji alilipa visuko vyepesi. Kidevu alikipa rasta zilizoishia chini kidogo ya taya, ncha zake kazichovya kwenye maji ya moto zikunje kwa ndani. Kwenye mashavu alizilaza nywele.

Polikarp alikaa kwenye benchi nje ya kibanda kila Jumamosi akisikia hayo. Aliijua kazi ile kama anavyojua sala, bila kuisoma mahali.

Arobaini ilipokaribia, Leticia, binti yao wa pekee, alipanga misa iwe Jumamosi. Alitaka picha kubwa ya mama iwekwe kwenye fremu, ikae mbele kanisani, kisha itundikwe sebuleni kwa baba. Ilikuwepo moja tu ya maana, kwenye simu yake: mama amesimama mlangoni pa kibanda, anamcheka mtu ambaye haonekani. Akaipeleka studio mjini.

Alhamisi picha ikaja imefungwa gazeti. Leticia akaifungua mezani, majirani wakasogea.

"Jamani, mama kapendeza," mmoja akasema. "Utadhani bibi harusi."

Polikarp aliitazama kwa muda mrefu. Sweta lilikuwa lake. Visuko vilikuwa vyake. Lakini mashavu yalikuwa yamepunguzwa, kidevu kimeviringwa, paji limetanuliwa. Mikunjo yote imepigwa pasi.

"Huyu simjui," alisema.

"Baba, ni mama."

"Simjui."

Leticia alingoja majirani watoke. Kisha akaketi karibu naye.

"Ni mimi niliyemwambia kijana wa studio ampunguze. Usimlaumu. Baba, uso huo ninao mimi pia. Shuleni waliniita Panga, mpaka walimu wakaniita Panga. Nilitaka siku moja tu mama akae mbele za watu bila mtu kumsema. Na mwenyewe si alikuwa anaficha? Kila asubuhi anaficha. Wewe ndiye uliyemshikia kioo."

Neno hilo la kuficha lilimwingia Polikarp, likakaa.

Akatoka nje, akaanika mahindi ya lile gunia. Mjukuu wake, mtoto wa Leticia, alikuwa hajafika miaka miwili. Bibi atakayemjua ni huyo wa kwenye fremu. Na yeye mwenyewe, hasomi wala haandiki, hakuwa na pengine pa kumtunza mkewe. Tena lilikuwepo jambo ambalo hakumwambia mtu. Siku nyingine alifumba macho, sauti ya Kunegunda ikaja, uso haukuja. Akipewa uso mwingine wa kuutazama kila siku ukutani, ule wa kweli utakwenda moja kwa moja.

Ijumaa asubuhi akaenda mjini, fremu kwapani, uzi wa kusukia wa mkewe mfukoni.

Kijana wa studio aliitwa Bashiru. Alisimama.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Umenibadilishia mke."

Bashiru akacheka, halafu akaona mzee hacheki.

"Mzee, wote wanataka hivi. Ukimwachia mtu mashavu yake, anakurudishia picha."

"Ya kwanza unayo?"

"Iko kwenye kompyuta."

"Ifungue."

Ikafunguka. Polikarp akavuta kiti, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akatoa uzi, akaunyosha juu ya paji la mkewe, akafunga fundo. Akapima mashavu. Akapima taya. Akarudia yote mara ya pili. Kisha akaiweka fremu mapajani, akaupitisha uzi ule ule.

"Ona," alisema. "Kule fundo la mashavu linayapita yote. Hapa kwako paji, mashavu na taya vyote vimekuwa ndugu. Paji umelitanua, na lenyewe lilishajazwa. Hivi visuko vya mbele unadhani vilikuwa vya nini?"

"Nilidhani mtindo tu."

"Ni kazi ya mtu hiyo. Wewe umeijazia juu yake."

Bashiru akaitazama picha ya kwanza kana kwamba hakuwahi kuiona. Akanyoosha kidole bila kugusa kioo. "Na huku kulia ameziacha zishuke ili kidevu kisibaki chembamba?"

"Eh. Na kushoto kapitisha nyuma ya sikio. Shavu moja likae wazi."

"Kumbe mzee ni msusi."

"Mimi nilishika kioo."

Kijana akaitayarisha upya. Akaongeza mwanga tu, kwa kuwa mlango wa kibanda ulikuwa na giza. Kabla ya kuchapa akageuka.

"Hata hii mikunjo niiache?"

"Iache. Aliipatia kwangu."

Mchana Polikarp alikuwa amerudi nyumbani. Leticia alikuwa uani anachambua mchele wa kesho. Akafuta mikono, akaipokea fremu, akaiegemeza ukutani, akarudi nyuma hatua mbili. Mkono wake ukapanda wenyewe, ukagusa shavu lake mwenyewe.

"Watu watasema, baba."

"Waseme."

"Wewe huna la kusema zaidi ya hilo?"

Polikarp akaketi juu ya kinu kilicholazwa. Maneno mengi hakuyazoea, yalimtoka moja moja. Alimwambia kuwa mwaka juzi, Jumamosi moja, alikuja kibandani msichana anayesomea uuguzi, mwenye uso wa uru, karibu alie. Alikuwa na sherehe, na alitaka asukwe kwa namna ambayo mashavu hayataonekana kabisa, afunikwe pande zote mbili. Kunegunda alimpima kwa uzi kama kawaida. Halafu akaweka kitana chini, akamshika msichana kichwa kwa mikono miwili, akamgeuzia kwenye kioo.

"Wewe ulikuwepo?" Leticia aliuliza.

"Kwenye benchi. Alidhani nimesinzia."

"Alimwambiaje?"

Polikarp aliitazama picha kwanza. Kisha akayasema kama alivyoyasikia, bila kuongeza lake:

"Mwanangu, mashavu mimi siyafichi. Paji nitalipa visuko lisione wivu, kidevu nitakipa rasta kisijione mkiwa, lakini mashavu yako yakae hapo hapo Mungu alipoyaweka. Mimi niliwahi kupotea gulioni Tunduru, na mume wangu hasomi, kuuliza watu anaona aibu. Alinitafuta kwenye lile kundi lote kwa haya mashavu, akanipata."