Godoro la Wenyeji Wetu

Jirani ameanika godoro uani, na harufu ya pamba iliyolowa ikikauka juani imenirudisha Kigali, mtaa wa Biryogo. Nilikuwa mtoto. Mama alikwenda kuuza vitenge, tukafikia kwa fundi cherehani na mkewe. Mimi nililazwa godoro moja na binti yao, tuliyelingana naye umri.

Asubuhi mke wa fundi aligusa shuka. "Godoro iko maji! Nani amekojoa?"

Nilikuwa mimi. Nikamnyooshea kidole mwenzangu.

Alinitazama kidogo, kisha akainamisha kichwa. "Ni mimi, mama."

Alizabwa kofi mbele yangu, akaliburura godoro mwenyewe hadi nje, watoto wa kichochoroni wakimzomea. Mama yangu, asiyejua lolote, akanisifu kwa usafi. Nikaendelea kunywa chai.

Baadaye nilimwuliza yule binti kwa nini hakunisema.

"Wewe iko mgeni," alijibu. "Mgeni haaibishwi."

Tulikaa siku tatu zaidi, na kila siku nilijiambia kesho nitamweleza mama yake. Tuliondoka sijasema neno. Binti yule ndiye aliyenibebea kikapu hadi kwenye basi.